Msumari Katika Ukuta wa Mwenzio

Anayetafuta nyumba Kindu haulizi ghorofa ya ngapi. Nyumba za ghorofa ni chache mno mjini kwetu, mkoani Maniema, Kongo. Anauliza parsele ni ya nani, kisima kiko wapi, choo kinatumiwa na milango mingapi, na mwenye nyumba anaishi hapo hapo au yuko mbali. Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mwenye nyumba akikaa uwanja mmoja nawe, mwizi hatathubutu, lakini wageni wako watahesabiwa. Akikaa Kinshasa au Goma, utalala kwa uhuru wako, mpaka siku paa litakapovuja na usijue umpigie nani.

Parsele ni kiwanja chenye ua wa mianzi, wa miti hai, au wa matofali kama mwenyewe ana pesa. Mbele kuna nyumba kubwa. Nyuma kuna anekisi: vyumba vimepangwa mstari mmoja chini ya paa moja la manjanja, yaani mabati, milango yote ikitazama uwanja. Chumba na sebule, mara nyingine chumba peke yake. Ukitaka kulinganisha na majengo ya Nairobi au Brussels, chukua jengo la ghorofa tano ulilaze chini: kila ghorofa imekuwa mlango, na ngazi zimekuwa uwanja. Tofauti ni kwamba kwenye ngazi watu hupishana tu, ilhali uwanjani hukaa. Wanapepeta mchele hapo, wanasuka nywele, wanaosha pikipiki, wanagombana, wanasali. Jirani yako akipika sombe utajua kama ametia mawese ya kutosha, na akidaiwa utajua anadaiwa na nani.

Komisionere, yaani dalali anayekutembeza, hasifii mambo haya. Yeye anasifu saruji ya sakafu na umbali wa barabara, huku akiuliza chochote cha mguu kabla hujaona mlango wa pili. Mwenye nyumba naye ana maswali yake. Unapiga hodi, unaitikiwa, unapewa kiti, na kabla ya bei kutajwa linakuja lile swali la upole: “Uko mtu wa wapi, mtoto wangu?” Sijawahi kulichukia. Mama wa Kindu akiuliza hivyo hajaribu kukufukuza. Anatafuta tu jina la kukuitia na mtu wa kumwita ukiugua usiku.

Katika parsele niliyopanga komini ya Mikelenge, majibu ya swali hilo yalikuwa mengi kuliko milango. Kulikuwa na fundi wa cherehani, Mkusu wa Kibombo. Kulikuwa na mwalimu, Mrega wa Pangi. Mama mjane, Mbangubangu wa Kabambare, aliuza mchele kwa kopo. Mzee mmoja wa reli, Mhemba wa Kongolo, alikuwa amekaa kwa muda mrefu hata wenyeji Wasongola wakimwuliza yeye habari za mitaa yao. Kijana Mzimba alisoma chuo kikuu asubuhi na jioni alitunga nyimbo za kwaya. Na kando ya kisima aliishi mchora vibao, aliyeandikia vinyozi, mafundi wa kinga (baiskeli za mizigo) na wauza dawa majina yao kwa rangi ya mafuta. Ijumaa wengine walikwenda msikitini, Jumapili wengine kanisani, na sikukuu za pande zote mbili zilipikwa kwenye mbabula, majiko ya makaa, zile zile.

Watu wa magazeti ya Ulaya wakiandika juu ya mtaa wa wasanii, huonyesha karakana yenye dirisha kubwa na mkahawa chini yake. Kwetu karakana ni uwanja, kwa sababu chumba ni giza. Kindu imeishi miaka mingi kwa jenereta, paneli za jua na tochi za simu. Mchoraji akitaka kuiona nyekundu yake sawasawa lazima atoke nje. Akitoka nje, basi kazi yake si siri tena. Yule mchora vibao alipaka kichwa cha mteja wa kinyozi mbele ya wanawake watano waliokuwa wakichambua mboga, na wote watano walikuwa na maoni juu ya sikio. Sikio lilirekebishwa. Wimbo wa kijana wa kwaya nao ulipita mkono huo huo. Kwaya ilipousimamisha kanisani, sisi tulikuwa tumeshausikia ukiwa hauna kibwagizo, tumeshausikia ukiwa na kibwagizo kibaya, na mjane wa Kabambare, ambaye hakuwa Mkristo, ndiye aliyesema sauti ya tatu ishushwe. Sidhani kuna shule ya sanaa yenye wakosoaji wakali hivyo. Wala inayowalipa mshahara mdogo hivyo: bakuli la wali.

Lakini mchoraji huyo hakuwa na picha hata moja ukutani. Aliegemeza kazi moja kwenye kiti, nyingine juu ya sanduku, nyingine chini ya kitanda ikipata unyevu. Sababu ni sheria ya kwanza ya kila anekisi, inayotajwa kabla ya kodi: usipige msumari. Plasta itabomoka, matofali ni ya udongo, na mpangaji hupita. Mwenye nyumba ana haki yake. Plasta ni pesa. Hata hivyo nimeifikiria sana sheria hiyo, kwa sababu inagusa shina la jambo lenyewe. Mtaa unapata rangi yake kutoka kwa watu ambao kuta si zao.

Mchanganyiko huo wa watu wa Kindu haukuletwa na mapenzi. Kwanza ilikuja misafara. Wafanyabiashara wa pwani na wangwana wao walifanya Nyangwe na Kasongo kuwa miji, wakatuletea lugha tunayozungumza, mchele tunaoula na dini ya Kiislamu ya baadhi yetu, pamoja na bunduki na minyororo. Livingstone alikuwa Nyangwe mwaka 1871 aliposhuhudia watu wakipigwa risasi sokoni. Sipendi simulizi zinazosafisha historia hiyo ili Kiswahili kionekane kilikuja kama mgeni wa harusi. Kilikuja na damu, kisha kikabaki kikawa chetu.

Baadaye ikaja reli. Kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 kwa mtaji wa Baron Empain wa Ubelgiji, ilikuwa na tatizo la maji: mto Lualaba hupitika kwa meli sehemu fulani, na sehemu nyingine mawe na maporomoko huikata njia. Kwa hiyo meli zilizopanda kutoka Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, zilikwenda kilomita 300 hivi hadi hapa, kisha mzigo ukashushwa na kupakiwa kwenye treni ya Kongolo, kilomita 355 kuelekea kusini. Kufikia mwaka 1911 njia hiyo ilikuwa ikifanya kazi, na mahali pa kushusha na kupakia pakaitwa Kindu-Port-Empain. Makuli, makarani, mabaharia, mafundi wa mashine, wapishi na wauzaji, wote walihitaji pa kulala. Serikali ya kikoloni iliwatenga Wazungu upande wao na Waafrika upande wao, na kwa amri ya mwaka 1931 ikaweka taratibu za mitaa ya Waafrika mijini, iliyoitwa vituo vya nje ya mila, maana yake mahali ambapo chifu wa kijiji hatawali. Watawala walitaka urahisi wa kuhesabu watu. Walichopata ni mitaa ambamo Mrega na Mkusu walilazimika kukubaliana wenyewe kwa wenyewe nani afagie uwanja.

Mji wa kuhamishia mizigo ni mji wa kusubiri. Meli haijafika, treni imeharibika Kibombo, mto umepungua. Anayesubiri siku chache hulala kwa ndugu, anayesubiri majuma hupanga, na anayesubiri mwaka huoa. Yule mzee wa Kongolo alinieleza maisha yake yote kama safari ambayo haijamalizika. Kwa maneno yake, alikuwa bado anangoja treni ya kumrudisha. Wakati wa vita vya 1998, Kindu ilipochukuliwa na waasi wa RCD na vijiji vya pembezoni vikawaka moto, waliosubiri waliongezeka, safari hii wakiwa wakimbizi, familia mbili katika chumba kimoja. Treni ilirudi baadaye, kwa kusuasua. Mchele na mawese viliendelea kusukumwa kwenye kinga, mtu na baiskeli yake porini siku nyingi, naye akifika mjini anatafuta mlango wa kupanga.

Nirudi kwenye ukuta. Warega wana sanaa ambayo, nikiitazama kwa macho ya mpangaji, naiona imenizidi akili. Katika chama cha Bwami, sanamu ndogo za mti na za pembe za ndovu, na vinyago visivyozidi kiganja, vilishikwa na mtu kwa daraja lake. Havikukaa ukutani wala sebuleni. Vilikaa kapuni, vikatolewa siku ya sherehe, vikachezwa, vikafafanuliwa kwa methali, vikarudi kapuni, na mshikaji akifa vikaenda kwa mwingine. Wakoloni walikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948, na vitu vingi vya Bwami leo viko Ulaya na Marekani, vimesimama ndani ya vioo, chini ya taa, mahali pamoja, jambo ambalo havikuumbwa kulifanya. Mwalimu wa Pangi aliniambia babu yake angecheka kuona kinyago kimepewa chumba peke yake bila kulipa kodi.

Sanaa ya mjini ilikwenda njia nyingine: ilitaka ukuta. Kule Katanga, Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947, alitembeza picha zake mlango kwa mlango na kumweleza Johannes Fabian, mtaalamu wa mila na desturi, historia nzima ya nchi kwa Kiswahili, picha baada ya picha, picha mia moja na ushei. Wanunuzi wake wa kawaida walikuwa wafanyakazi wa kampuni wenye sebule ndogo na mshahara wa mwezi. Lumumba, treni, mamba, mateso ya Ubelgiji: hayo yote yalitundikwa juu ya kiti cha baba. Kwa hiyo msumari mmoja katika nyumba ya kampuni ulikuwa na maana kubwa kuliko unavyodhani. Bila huo, historia ile isingekuwa na pa kuning'inia, na mchoraji asingekula.

Muziki ulifanya zaidi ya hapo. Papa Wemba, mtoto wa Lubefu huko Sankuru, nchi ya Watetela walio ndugu wa Wakusu wetu, aliunda Viva la Musica mwaka 1977 katika Matonge ya Kinshasa. Parsele ya familia yake akaitangaza kuwa kijiji, akajifanya chifu wake, na jina la kijiji, Molokai, akalitunga kwa herufi za avenyu zilizoizunguka: Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda, Inzia. Parsele! Uwanja, mbabula, vijana wasio na kazi, na majirani wasioweza kulala. Kilichotoka humo kilichezwa Paris na Tokyo. Nikisikia mtu anasema sanaa inahitaji utulivu, huwa najiuliza amewahi kupanga wapi.

Kuna upande mchungu, na wenye miji mikubwa wanaujua kuliko sisi. Jina la Matonge lilivuka bahari na wanafunzi wa Kikongo, likashika katika mtaa wa Ixelles pale Brussels, karibu na lango la Namur. Wanafunzi hao walikuja kwa sababu kulikuwa na bweni lao, Maison Africaine, na vyumba vya bei nafuu pembeni. Wakaja vinyozi, wauza vitambaa, wauza sombe ya barafu, wanamuziki waliopita ziarani na waliosahau kurudi. Mchoraji Chéri Samba aliuchora mtaa huo. Tangu tarehe 30 Juni 2018 uwanja mdogo mlangoni pake una jina la Patrice Lumumba. Na sasa mtaa uko katikati ya ofisi za Umoja wa Ulaya upande mmoja na maduka ya kifahari upande mwingine, na anayevutiwa na rangi zake anaweza kulipa kodi ambayo waliotia rangi hizo hawaiwezi. Jina la Lumumba linabaki kwenye kibao. Mama wa sombe anahamia mbali kwa tramu.

Zanzibar inatoa mfano unaotuhusu sisi wa Maniema kwa karibu zaidi. Tippu Tip, aliyetajirika kwa pembe na watu wa nchi yetu, alifia huko mwaka 1905, na nyumba yake iko Shangani, yenye mlango wa nakshi na ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Nyumba hiyo ilikuja kuwa makao ya familia kadhaa, nguo zikianikwa barazani. Nikiwaza hilo sioni masikitiko. Jumba la mtu mmoja kuwa milango mingi ni hukumu nzuri kuliko ambazo historia hutoa kwa kawaida. Lakini Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, tamasha la Sauti za Busara limeita wageni tangu 2004, na kila nyumba yenye mlango wa nakshi sasa inatazamwa na mtu anayehesabu vitanda vya hoteli.

Kindu haina hatari hiyo ya watalii. Kwetu kodi ilipandishwa na magari meupe. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipoweka kituo hapa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukafuatwa na mashirika, nyumba nzuri zikaanza kutajiwa bei ya dola na kukodishwa kwa mikataba yenye mihuri. Mwenye nyumba aliyeonja hapo alianza kuwatazama wapangaji wa anekisi kama watu wanaokalia dola zake. Magari yakapungua, hesabu ya dola ikabaki. Mwalimu hulipwa faranga, tena kwa kuchelewa, na anadaiwa kwa dola tarehe moja ya mwezi. Wengine hutazama ng'ambo, Alunguli, ambako mto hauna daraja na kila siku ya kazi ina nauli ya pirogi kwenda na kurudi. Mvua ikishika jioni, kodi nafuu inalipwa kwa kulala upande usio wako.

Sasa niseme juu ya garanti, ile amana anayodaiwa mpangaji kabla ya kuingia. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema nyumba ya kuishi isitozwe garanti inayozidi miezi mitatu. Wengi hawaijui, na wanaoijua huitaja kwa tabasamu. Mimi niliwahi kudaiwa mara mbili ya hapo, na nilipotaja sheria niliambiwa kwa heshima zote niende nikakae ndani ya sheria. Nililipa. Nani angekataa, mizigo ikiwa tayari juu ya pikipiki? Lakini tazama garanti kubwa inamchuja nani. Mfanyakazi wa shirika anapita, mfanyabiashara anapita, ofisa anapita. Anayekwama ni mtunga nyimbo, mchora vibao, mjane wa kopo la mchele, mwanafunzi, mkimbizi aliyefika jana. Yaani wale wale waliofanya uwanja ule uwe na kitu cha kusikiliza. Parsele yenye wapangaji wa aina moja ni tulivu na safi, na jioni yake ni ndefu sana.

Wenye nyumba wa Kindu si matajiri, wengi wao. Nyumba ni pensheni ya mume aliyefariki reli haijamlipa malimbikizo, ni ada ya watoto, ni dawa. Kwa hiyo siwaambii wapangishe bure, wala siamini maneno matamu kwamba sanaa ikistawi kila mtu atanufaika. Ixelles imeshajibu hilo. Nawaambia kitu kidogo kuliko hicho. Mama, Papa, chukua miezi mitatu ya sheria na usizidishe. Andika mkataba, hata kwenye karatasi ya daftari, kila upande ubaki na nakala. Toa risiti kila mwezi. Taja kodi kwa pesa ambayo mpangaji wako hulipwa. Mkigombana, nendeni kwa mkuu wa avenyu au ofisi ya Habitat ya komini kabla ya kutupa godoro la mtu nje mbele ya watoto wake. Na mpangishe yule kijana wa kwaya, hata kama garanti yake italipwa vipande vipande.

Kwa wewe mpangaji, lako ni moja: ukitaka kutundika picha, omba ruhusa, na siku ya kuhama ziba tundu kwa saruji.